Sukari Isiyopita Mdomoni

Mfuko wa lita 2 unatundikwa juu ya usawa wa bega. Maji yanateremka yenyewe kwenye mpira hadi tumboni, yanakaa humo saa 4 hadi 6, kisha yanafunguliwa yatokee kwenye mfuko mtupu uliolazwa sakafuni. Kabla ya kuyamwaga, mgonjwa anaweka karatasi yenye maandishi nyuma ya mfuko. Akiyasoma bila taabu, salama. Yakiwa na ukungu, aende hospitali siku hiyo hiyo, maana huenda vijidudu vimeingia tumboni.

Hiyo ndiyo dayalisisi ya tumbo, njia ya kusafisha damu figo zinaposhindwa: kwa kawaida mara 4 kwa siku, nyumbani, bila mashine. Hong Kong iliifanya chaguo la kwanza kwa wagonjwa wa figo tangu 1985. Kwetu bado ni adimu. Wengi wanafunga safari ya mjini kwenye mashine, na wasio na nauli wanajua wenyewe.

Kinachovuta maji ya ziada kutoka kwenye damu ni sukari. Mfuko hafifu wa lita 2 una gramu 27 hivi, wa kati 45, na ule mkali 77, yaani karibu vijiko 19 vya chai. Utando wa tumbo hauna mlinzi: uchafu ukitoka, sukari inaingia, na zaidi ya nusu yake huishia kwenye damu. Anayetumia mifuko mitatu hafifu na mmoja wa kati anaweza kupata kalori 300 au zaidi kwa siku kabla hajaonja uji. Halafu akipanda kilo, anafika kliniki na kuulizwa, "Mama, umekula nini wiki hizi?" Kwa maoni yangu swali hilo linatangulia mahali pasipo pake. La kwanza lingekuwa: unatumia mifuko gani?

Kwa mwenye kisukari mambo huzunguka zaidi. Figo zinaposhindwa, insulini hukawia kutoka mwilini, hivyo dozi hushuka, na wapo wanaoshangilia kwamba kisukari kimepona. Mifuko ikianza, sukari inapanda tena. Hata kile kipimo cha damu kinachoeleza hali ya miezi mitatu hakiaminiki sana hapa, kwa sababu chembe nyekundu za mgonjwa wa figo haziishi muda wake wa kawaida.

Adui anayesahaulika ni chumvi. Mtu akila ng'onda, achari au mchuzi uliokolezwa vidonge vya supu, kiu humbana na atakunywa. Maji yakijaa, miguu ikivimba, dawa yake ni mfuko mkali zaidi, nao unaleta sukari zaidi. Sukari ya damu ikiwa juu, kiu inaongezeka, na mfuko wenyewe unapoteza nguvu ya kuvuta. Kwa hiyo anayetaka kupunguza sukari ya tumboni aanzie kwenye kopo la chumvi jikoni. Ushauri huu haugharimu chochote, na labda ndiyo sababu hausisitizwi.

Mizani nayo hudanganya. Kila siku gramu kadhaa za protini, mara nyingi 5 hadi 10, hutoka na maji yanayomwagwa, na tumbo lililojaa huua hamu ya kula. Mtu anaweza kunenepa kiunoni huku misuli ya mapaja ikiyeyuka. Kumwambia apunguze kula tu ni kumnyima samaki na mayai anayoyahitaji kuliko sisi.

Je, mnene asitumie njia hii? Hapana. Meksiko, yenye unene na kisukari tele, kwa miaka mingi iliwahudumia wagonjwa wake wengi kwa mifuko. Tabu ipo kwenye tundu la ngozi unakotokea mpira: likiwa chini ya mkunjo wa kitambi, jasho na msuguano hukaribisha maambukizi, na mwenyewe halioni. Zbylut Twardowski, daktari wa Missouri huko Marekani, alilipatia tatizo hilo ufumbuzi kwa kuupitisha mpira chini ya ngozi hadi kifuani, utokee mahali pakavu panapoonekana.

Upo pia mfuko usio na sukari ya kawaida, wenye aikodekstrini itokanayo na wanga wa mahindi. Unatumika mara moja kwa siku, kwa ile zamu inayokaa tumboni muda mrefu zaidi, usiku au mchana, na unapunguza mzigo wa sukari. Lakini aikodekstrini ikivunjwa mwilini hutoa maltosi, na baadhi ya vipima sukari vya nyumbani huihesabu maltosi kuwa sukari ya kawaida. Kipima kinasoma juu, mgonjwa anajidunga insulini, kumbe sukari yake iko chini. Watu wamekufa hivyo, na mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo. Anayepewa mfuko huo aende na kipima chake pamoja na boksi la vijiti vyake, muuguzi avikague kabla mfuko wa kwanza haujatundikwa.