Kupiga Windows kwa Mtandao: Kadi Isiyotambulika (Sehemu ya Pili)

Tangu Oktoba 14, 2025, Microsoft ilipositisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, mafundi wengi wameangukiwa na kazi ya kupiga Windows upya. Penye mashine tatu, flashi inatosha. Penye maabara nzima ya shule, au ofisi za halmashauri kama zile tano za Mkoa wa Katavi, njia ya maana ni ile iliyoelezwa katika sehemu ya kwanza: seva moja kuushusha mfumo kwenye kompyuta zote kupitia kebo, bila mtu kuketi mbele ya kila skrini.

Njia hiyo ina mahali pake pa kukwama. Kompyuta inawashwa, inaiona seva, inapakua faili za mwanzo bila shida. Nembo ya Windows inatokea, skrini inabaki tupu kwa muda, kisha mashine inajizima na kuwaka upya. Fundi anabadilisha kebo. Anahamia tundu jingine la swichi. Anaizima seva na kuiwasha. Hali ni ile ile, kwa kuwa kebo haikuwa na kosa tangu awali.

Kosa liko katikati ya makabidhiano. Kompyuta inapoanza hutumia PXE, utaratibu wa Intel ambao toleo lake la 2.1 lilitoka mwaka 1999, na programu yake ndogo imo ndani ya kadi ya mtandao yenyewe. Kazi ya programu hiyo inakwisha faili ya boot.wim inapokamilika kuingia kwenye RAM. Hapo unaanza Windows PE, mfumo mdogo wa muda, ambao unaitafuta kadi ile ile kwa draiva yake wenyewe. Kama kadi ni mpya kuliko Windows PE hiyo, haitambuliki, na mtandao uliokuwapo dakika moja iliyopita unatoweka. Windows kamili itakayokaa kwenye diski nayo itahitaji draiva ya tatu.

Basi swali la kwanza ni: mtandao umekatikia hatua ipi? Wanaotumia Configuration Manager ya Microsoft hubonyeza F8, iwapo ruhusa hiyo iliwekwa kwenye boot.wim; katika usakinishaji wa kawaida ni Shift na F10. Dirisha jeusi likifunguka, huandikwa ipconfig. Isipoonekana kadi yoyote, draiva haipo. Ikionekana anwani inayoanza na 169.254, draiva ni nzima na kadi inafanya kazi, ila haijajibiwa na DHCP, huduma inayogawa anwani za mtandao. Hapo kuongeza draiva ni kupoteza siku. Mara nyingi mkosaji ni swichi inayolishikilia tundu kwa sekunde 30 kabla ya kupitisha data, na kwa kuwa kadi huanza upya katika kila hatua, subira nayo huanza upya. Kwenye swichi za Cisco dawa yake ni kuwasha PortFast.

Draiva ikiwa ndiyo inayokosekana, itafutwe kwa namba ya kadi, si kwa jina lililobandikwa kwenye kasha. VEN_8086 ni Intel, VEN_10EC ni Realtek, na namba ya DEV inayofuata hutaja kadi yenyewe. Shehena moja ya kompyuta za aina moja inaweza kuja na kadi mbili tofauti, jambo linalowachanganya hata mafundi wazoefu. Draiva ijaribiwe kwanza kwa amri ya drvload. Ikikubali, ndipo iingizwe ndani ya boot.wim kwa zana ya DISM. Inatakiwa faili ya .inf pamoja na faili zinazoandamana nayo, za biti 64, si .exe ya kubofya.

Mpanda, makao makuu ya Katavi, haisamehi kazi ya kubahatisha. Tabora iko zaidi ya kilomita 300 kwa barabara, na Mpanda yenyewe ilitegemea jenereta za dizeli kwa miaka mingi. Windows PE huishi ndani ya RAM, hivyo umeme ukikatika kila kilichokuwa kikiendelea hupotea. Dell na HP hutoa mafurushi ya draiva yaliyoandaliwa mahsusi kwa Windows PE. Fundi anayepokea mashine Dar es Salaam ayapakue huko huko, afungue kompyuta moja ya kila aina, aandike namba za kadi, na aipige Windows moja ya majaribio kabla mzigo haujapandishwa gari.

Sehemu ya tatu itashughulikia mashine ambayo mtandao wake ni mzima lakini diski yake haionekani.