Shinikizo la Mawese Likikwama

Ndugu wasikilizaji wa Ujiji, shinikizo la mawese likikataa kuzunguka, desturi ni kuwaita vijana wawili wauning'inie mtaimbo. Ndivyo parafujo zinavyovunjika. Acheni kusukuma, rudisheni nyuma mzunguko mmoja, kisha tazameni.

Je, sahani ya juu imelala sawasawa? Mara nyingi kokwa moja tu limejipenyeza kati ya sahani na ukuta wa pipa. Sahani ikainama, nayo parafujo ikapindwa upande. Litoeni, sawazisheni chikichi kwa mwiko, mwanze tena polepole. Tena zishikeni chikichi zenyewe: zikiwa zimepoa, mafuta yameganda ndani yake, wala hayatatoka hata mkisukuma mpaka jioni. Zirudisheni motoni.

Grisi nayo isidharauliwe. Wajerumani walipoizamisha Graf von Götzen katika ziwa hili mwaka 1916, waliipaka mitambo yake grisi nyingi. Ilipoinuliwa mwaka 1924 mitambo ilikuwa ingali yafaa, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Parafujo iliyoachwa mvuani haina bahati hiyo. Isugueni kutu kwa mafuta ya taa, kisha ioshwe vizuri, mawese yasije yakanuka.