Panadol, Paracetamol, Acetaminophen: Dawa Ni Ile Ile

Nyumbani wengi wetu tunaijua dawa hii kwa jina la Panadol. Ukifika Uingereza utaikuta imeandikwa paracetamol. Marekani inaitwa acetaminophen, na pakiti inayojulikana zaidi ni Tylenol. Oman na Emirates huuzwa pia kwa jina la Adol. Majina ni mengi, dawa ni moja.

Kazi yake ni kutuliza maumivu na kushusha homa. Haiui vijidudu wala haitibu malaria. Ukipata homa baada ya kurudi kutoka likizo nyumbani, usiishie kumeza Panadol. Nenda ukapimwe, na umwambie daktari umetoka wapi.

Hatari iko wapi?

Ukiitumia kama inavyotakiwa, ni dawa salama. Ikizidi, inaharibu ini, na inaweza kuua. Wengi huzidisha bila kujua, kwa sababu imo pia ndani ya dawa nyingine, kama vile Lemsip ya mafua, NyQuil, Excedrin, co-codamol na Percocet. Mtu anameza Panadol alizoletewa kutoka Dar es Salaam au Mombasa, kisha anaongeza dawa ya mafua. Anadhani ni dawa mbili tofauti, kumbe ni ile ile mara mbili.

Kiasi kinachofaa

Mtu mzima wa kawaida ni kidonge kimoja au viwili vya miligramu 500. Subiri angalau saa 4 kabla ya kurudia. Usizidishe vidonge 8 ndani ya saa 24. Pakiti ya Tylenol ya miligramu 500 huko Marekani inasema mwisho ni 6, kwa hiyo fuata pakiti uliyonayo mkononi. Mwenye ugonjwa wa ini, anayekunywa pombe sana, aliyekonda mno au mjamzito amuulize daktari kwanza.

Watoto wapewe dawa ya maji ya watoto, kwa umri au uzito wao. Pima kwa kipimo kilichomo kwenye pakiti, si kwa kijiko cha chai. Usimkatie mtoto kidonge cha mkubwa.

Ikizidi ufanye nini?

Usingoje kuumwa. Siku ya kwanza mtu anaweza kujisikia mzima kabisa huku ini linaharibika. Hospitali wanayo dawa ya kuzuia sumu hiyo, nayo hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa 8. Nenda hospitali mara moja na uchukue pakiti zote. Ushauri wa simu Uingereza ni 111, na Marekani ni 1-800-222-1222. Hali ikiwa mbaya, piga 999 Uingereza au 911 Marekani.

Kabla ya kumeza dawa yoyote ya mafua au maumivu, geuza pakiti usome viungo vyake. Ukiona paracetamol au acetaminophen, ihesabu. Tahadhari kabla ya hatari.