Ukame, mvua na inzi: hali ya hewa inavyougusa utalii wa Ngorongoro

Ukiwa Endamarariek, kusini mwa mji wa Karatu, ukaangalia kaskazini asubuhi, mara nyingi utaona mawingu yamelalia kingo za kreta ya Ngorongoro. Milima hii haina theluji. Kule Harz, Ujerumani, milima ya kimo cha wastani inapoteza wageni kwa sababu theluji imepungua. Kwetu kinachobeba utalii ni wingu.

Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hupanda miteremko ya mashariki, ukapoa, mvuke ukawa ukungu na mvua. Miti hukinga ukungu kwa majani na kuudondosha ardhini, kisha maji huibuka chini kwenye chemchemi na vijito, na ndiyo wanayokunywa wanyama wanaowavuta watalii. Joto likizidi, hewa hulazimika kupanda juu zaidi ndipo itunge wingu. Kingo za kreta, zenye mita 2,200 hadi 2,400, hazina kimo cha kulifuata.

Hatari iliyo karibu zaidi, hata hivyo, ni misimu kuyumba: ukame mkali, halafu mvua kubwa. Kreta imeshayaona hayo. Mwishoni mwa 1961, baada ya ukame, Afrika Mashariki ilinyeshewa kupita kiasi. Mwaka 1962 wakafurika inzi wanaouma, Stomoxys. Hutaga kwenye majani yanayooza na samadi mbichi, na wote, dume kwa jike, hunyonya damu. Simba walipanda mitini, wengine wakajibanza kwenye mashimo ya fisi. Ngozi zilijaa vidonda, wakadhoofu, wakashindwa kuwinda. Walibaki 10 hivi.

Ukame wa 2000 nao ulifuatwa na mvua, na mwaka 2001 magonjwa yaenezwayo na kupe yakaua nyati wengi na hata faru weusi. Mnyama aliyekondeshwa na njaa hana kinga ya kutosha, na nyasi ndefu ndizo maficho ya kupe. Ndiyo maana wahifadhi walirejea kuchoma nyasi kwa mpango.

Bahari ya Hindi ikipata joto zaidi upande wetu, vuli huja na mafuriko. Ilikuwa hivyo 2019, na mwaka uliofuata Ziwa Manyara likameza barabara za watalii hifadhini.

Kwa Endamarariek, balaa hili lina ncha mbili. Mbaazi na mahindi vinategemea mvua hiyohiyo, na vijana wa Karatu wanategemea hoteli na magari ya watalii. Mwaka mbaya huvikausha vyote kwa mkupuo.

Wenye hoteli wavune maji ya mapaa badala ya kutegemea visima pekee. Na sisi wakulima tuache kulima hadi kwenye kingo za vijito. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 ziachwe.