Je, Mazungumzo Yaweza Kuwa Tiba?

Hivi karibuni nilialikwa kuzungumza na wanafunzi wa sekondari huko Sombetini, jijini Arusha, juu ya afya ya akili. Nilipomaliza, msichana mmoja wa kidato cha tatu alisimama akasema: "Shikamoo mwalimu. Kidonge tunajua kinakwenda tumboni, kinaingia katika damu na kufika penye ugonjwa. Maneno yanakwenda wapi?" Wenzake walicheka. Lakini lile lilikuwa swali halisi la kisayansi, nami muda ulikuwa umekwisha. Makala haya ni jibu nililotaka kumpa.

Maradhi gani tunayoyazungumzia?

Yatajwapo maradhi ya akili, wengi wetu hufikiria mara moja Hospitali ya Mirembe, Dodoma. Na katika viwanja vya shule jina hilo limegeuzwa kuwa tusi. Hata hivyo, maradhi yanayowapata watu wengi zaidi si yale ya kuona au kusikia yasiyokuwapo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 970, yaani mtu 1 katika kila 8 duniani, walikuwa na maradhi ya akili ya aina fulani. Miongoni mwao, milioni 301 walikuwa na maradhi ya wasiwasi na milioni 280 walikuwa na sonona, baadhi wakiwa nayo yote mawili.

Mitaani ni nadra kumsikia mtu akisema, "Nina sonona." Atasema ana mawazo, kichwa kinamuuma kila siku, moyo unamwenda mbio, au usingizi umemkimbia. Mwanafunzi huandikiwa dawa ya maumivu mara tatu, mara nne, na wazazi huanza kushuku uvivu au uchawi.

Yafaa tutofautishe. Huzuni ya msiba si ugonjwa, wala hofu ya mtihani wa taifa si ugonjwa. Sonona ni hali ya huzuni, au ya kupoteza hamu ya mambo, inayodumu takriban kutwa nzima, karibu kila siku, kwa muda wa majuma mawili au zaidi. Huandamana na mabadiliko ya usingizi na chakula, uchovu, kushindwa kuzingatia masomo, na kujiona si kitu. Wasiwasi nao huwa maradhi pale hofu inapokuwa kubwa kuliko sababu yake, inapodumu, na inapomzuia mtu kufanya shughuli zake.

Jinsi hofu inavyojilisha

Tuchukue mfano wa kubuni. Mvulana anasoma kwa sauti darasani, anakosea neno, wenzake wanamcheka. Safari nyingine akiitwa kusoma, tezi za adrenali zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini katika damu. Moyo unakwenda mbio, viganja vinatoa jasho, tumbo linasokota. Mwili wake umejiandaa kupambana au kukimbia, kana kwamba amekutana na chui msituni Meru.

Siku ya kusoma inapokaribia, anajisingizia ugonjwa na kubaki nyumbani. Mara moja anapata nafuu. Hapo ndipo mtego ulipo: ile nafuu ni ujira unaoufundisha ubongo kukimbia tena kesho. Anaamini kwamba akisoma ataaibika vibaya, lakini imani hiyo ni dhana isiyojaribiwa kamwe, kwa sababu kila mara anaondoka kabla ya jaribio. Hivyo hofu inakua, ingawa hakuna jambo jipya lililotokea.

Sonona nayo ina mzunguko wake. Mtu aliyevunjika moyo huacha mpira, kwaya na marafiki. Akiviacha, hupungukiwa na mambo ya kumfurahisha. Akipungukiwa nayo, moyo huzidi kuvunjika.

Tiba hufanya nini?

Katika miaka ya 1960, daktari Aaron Beck wa Philadelphia, Marekani, aliona kwamba wagonjwa wake wa sonona walikuwa na mawazo ya haraka ya kujilaumu ambayo waliyachukua kuwa ukweli mtupu. Akawafundisha kuyachunguza kama vile mwanasayansi anavyochunguza dhana: ushahidi ni upi? Kuna maelezo mengine? Tufanye jaribio gani?

Hapa ndipo tiba inapoachana na nasaha za kawaida. Mzee wa familia, shehe au padri humpa mtu mawaidha, na mawaidha yana thamani yake. Tiba ya mazungumzo lakini ni kazi yenye utaratibu: kuna siku na saa maalumu, siri hutunzwa isipokuwa maisha yakiwa hatarini, lengo hukubaliwa na pande zote mbili, kuna mazoezi ya kufanya nyumbani, na maendeleo hupimwa. Yule mvulana hataambiwa tu, "Jikaze, wewe ni mwanamume." Ataanza kwa kusoma mbele ya rafiki mmoja, kisha watatu, kisha safu moja ya darasa, akibaki pale mpaka hofu itulie au aone kwamba alilolihofia halikutokea.

Basi, maneno yanakwenda wapi? Yanakwenda katika ubongo, kwa njia ile ile ya somo la Hisabati. Kujifunza hubadilisha maungano baina ya seli za ubongo. Hofu ilijifunzwa, utulivu nao waweza kujifunzwa.

Ushahidi wa hapa kwetu

Msomaji makini atauliza kama mambo haya yamethibitishwa Afrika. Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika vijiji 30 vya wilaya za Masaka na Rakai, Uganda. Watafiti waliwasikiliza kwanza wanavijiji, wakakuta kwamba Kiganda kina majina yake kwa hali zinazofanana na sonona: moja lina maana ya kujichukia, jingine ya kujihurumia. Kisha watu wa kawaida wa huko walifundishwa kwa majuma mawili kuongoza vikundi vilivyokutana mara moja kwa juma, kwa majuma 16, kuzungumzia misiba, ugomvi na mabadiliko ya maisha. Katika vijiji vilivyopata tiba, waliokuwa na sonona walipungua kutoka asilimia 86 hadi 6.5. Katika vijiji vya kulinganishia, walipungua kutoka asilimia 94 hadi 54.7.

Angalieni kundi la pili. Wapo waliopata nafuu bila tiba hiyo, maana muda nao huponya. Pasipo kundi la kulinganishia, tungeisifia tiba kwa kazi ya muda.

Karibu zaidi na Arusha, katika Moshi na katika Bungoma, Kenya, watoto 640 wa umri wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na mzazi walishiriki katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020. Nusu walipata tiba ya vikundi iliyoongozwa na washauri wasiokuwa mabingwa wa maradhi ya akili. Tiba ilipokwisha, watoto hao walikuwa na nafuu zaidi katika sehemu 3 kati ya 4. Sehemu ya nne ilikuwa Moshi mjini. Baada ya mwaka mmoja, tofauti ilibaki upande wa Kenya, ilhali upande wa Tanzania makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu inayokaribiana. Hivyo ndivyo sayansi inavyosema kweli: tiba inafaa, lakini si sawasawa kila mahali.

Mipaka yake na wajibu wetu

Mazungumzo hayalipi kodi ya chumba wala ada. Wala hayatoshi peke yake kwa mgonjwa anayesikia sauti zisizokuwapo. Huyo huhitaji daktari na dawa, kama ilivyo pia kwa baadhi ya wenye sonona kali.

Mwalimu si tabibu, lakini mara nyingi ndiye wa kwanza kuona. Mwanafunzi aliyebadilika kwa majuma kadhaa aitwe faraghani, aulizwe kwa upole, asikilizwe kabla ya kuhukumiwa, kisha asaidiwe kufika kituo cha afya, na ikibidi hospitali ya rufaa ya mkoa. Akisema hataki tena kuishi, asiachwe peke yake. Mzazi au mlezi aitwe, naye apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kumwuliza waziwazi juu ya jambo hilo hakumtii wazo hilo kichwani. Mara nyingi humfungulia mlango wa kusema.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Darasa linalolicheka neno Mirembe ndilo linalowafundisha wagonjwa kuficha. Wale wanafunzi wa Sombetini walicheka siku ile. Natumaini wakisoma haya watamwomba mwenzao radhi, kwa kuwa aliuliza vema.