Kinu kilichofungwa: kagua nauli kabla ya mashine

Anayetaka kununua kinu kilichofungwa Njombe au Makambako asianze kukagua kutu, aanze na nauli ya mzigo. Shirika la Taifa la Usagishaji (NMC), lililoundwa 1968, lilinunua mahindi kwa bei moja nchi nzima kuanzia katikati ya miaka ya 1970. Mkulima wa Njombe alilipwa sawa na wa Morogoro. Gharama ya kufikisha gunia Dar es Salaam ilibaki kwa shirika. Deni la benki likavimba. Biashara ya nafaka ilipoachwa huru miaka ya 1980, shirika lilizidi kudhoofika, vinu vikanyamaza.

Makambako ina reli ya Tazara na njia panda ya Songea. Hata hivyo, piga hesabu ya gunia hadi sokoni kwanza, ndipo ulipe.