Patante Haigeuzi Parseli

Huku kwetu Wamaza, Kasongo hata Kabambare, mtu akinunua nyumba kando ya barabara kuu, mara nyingi huanza na ukuta wa mbele. Anautoboa, anaweka mlango wa bati, na chumba cha wageni kinajaa bidoni za mawese na magunia ya mchele. Ukimuuliza idhini, anakuonyesha hati ya parseli na patante aliyolipia. Vyote viwili ni halali, ila hakuna hata kimoja kinachojibu swali lako.

Sheria ya ardhi ya Kongo yetu ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa mwaka 1980, inasema ardhi yote ni mali ya Serikali peke yake na haiuzwi. Raia anapewa haki ya kuitumia tu, na kila haki ina kazi yake: makazi, viwanda, kilimo au ufugaji. Fungua kontra yako uisome. Kwa kawaida kazi hiyo imeandikwa humo, pamoja na sharti kwamba huwezi kuibadilisha bila idhini ya maandishi kutoka kwa mamlaka iliyokupa haki. Patante ni karatasi ya kodi ya mfanyabiashara mdogo. Inaonyesha kwamba umelipa, haisemi mahali hapo panafaa biashara hiyo. Chefu wa kijiji naye anaweza kushuhudia kwamba parseli ni yako, lakini ushuhuda wake hauigeuzi kuwa ya biashara.

Swali gumu ni nani aamue ombi la kubadilisha kazi ya parseli, na aamue akitazama nini. Dekreti ya tarehe 20 Juni 1957 juu ya mipango ya miji iliweka msingi: kwanza ramani ionyeshe wapi watu watalala, wapi soko litakaa, wapi njia itapita, ndipo parseli moja moja ipewe kazi yake. Pasipo ramani, kila ombi linaamuliwa kwa kumtazama mwombaji, na mwenye fedha au mwenye ndugu ofisini anatangulia. Kwangu hilo ni baya kuliko duka lolote lililofunguliwa bila kibali.

Tena biashara zote haziwezi kuwekwa kapu moja. Mama anayeuza chumvi na sabuni barazani hamuumizi jirani, na kumfukuza ni kuwanyima watoto wake shule. Mashini ya kusaga mihogo ni jambo jingine: inanguruma tangu alfajiri, inatoa moshi wa mazutu, na unga wake unatua juu ya nguo zilizoanikwa ua wa pili. Depo ya esansi ni mbaya zaidi. Bidoni zimepangwa chini ya dirisha la chumba cha kulala, na hatua chache tu kutoka hapo jiko la makala linawaka. Kwa shughuli za hatari kama hizo kuna sheria ya mazingira ya tarehe 9 Julai 2011, inayodai wananchi waulizwe kabla ya mradi kuanza, na dekreti ya tarehe 29 Mei 2013 juu ya mitambo na maghala yanayoweza kudhuru watu.

Kenya nayo, kwa sheria yake ya mwaka 2019 juu ya mipango ya matumizi ya ardhi, inamtaka mwombaji autangazie umma mradi wake ili wenye pingamizi waseme, na asiyeridhika na uamuzi wa kaunti ana kamati ya kukatia rufaa. Sisi hatukosi pa kuanzia. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 imeipa sekta, yaani utawala wa mahali, nafsi ya kisheria na baraza lake. Baraza hilo, pamoja na watu wa kadastra na wa mipango ya miji, linaweza kubandika kila ombi hadharani sokoni, kuwaita majirani wanaopakana na parseli, kisha kuandika jibu lenye sababu: biashara gani imekubaliwa, saa ngapi ifungwe, esansi ikae umbali gani na nyumba za watu. Nakala moja abaki nayo jirani, maana ndiye atakayeihitaji siku mashini ikiwashwa usiku.